Kiwanda kidogo cha mvinyo wa asili, Etna: mwekundu chukua, mweupe onja kwanza

Naanza na mwekundu, maana ndio unaostahili safari. Umetengenezwa kwa Nerello Mascalese, zabibu za huko huko Sicily, kisiwa cha Italia, upande wa kaskazini wa mlima wa volkano Etna, karibu na kijiji cha Solicchiata. Rangi imepauka kiasi kwamba aliyezoea mvinyo mtamu wa Dodoma atadhani umetiwa maji. Kunywa kwanza. Una ukakasi wa chai ya rangi iliyokolea, harufu ya cheri, na moshi kwa mbali. Walituletea na soseji za kuchoma na jibini, chupa ikaisha bila mtu kutambua.

Pesa yako inakwenda shambani. Mizabibu haikutandazwa kwenye waya. Kila mmoja unasimama peke yake, umefungwa kwenye kigingi, mtindo wanaouita alberello. Matuta yamezuiwa kwa kuta za mawe meusi ya lava, yaliyopangwa bila saruji, na trekta haina pa kupita. Ni jembe na mgongo. Nilichota udongo: mweusi, wa chengachenga, ukiufumbata haushikani. Uchangarawe huo ndio ulioiokoa mizabibu ya zamani, kwa sababu filoksera, mdudu aliyeangamiza mashamba ya Ulaya karne ya 19, hastawi kwenye mchanga. Kwa hiyo Etna bado ina mizabibu ya zaidi ya miaka 100 iliyosimama kwa mizizi yake yenyewe, wakati kwingi Ulaya hupandikizwa kwenye mashina ya asili ya Marekani. Niliyoonyeshwa imejipinda, mmoja shina limepasuka katikati, na matawi yana vichala.

Mlima wenyewe haujalala. Hutema majivu watu wakafagia mapaa, na mwaka 1981 lava ilishuka hadi karibu na mji wa Randazzo, ikafunika mashamba njiani.

Ndani hakuna maajabu. Hawatii hamira ya dukani, ile ya kwenye maganda inafanya kazi; hawachuji, na salfa, ya kuzuia mvinyo usiharibike, ni chembe tu wakati wa kujaza chupa. Basi tegemea mashapo. Isimamishe chupa tangu jana yake, na ukifika chini acha kumimina.

Sasa lawama, na ndiyo sababu jina la kiwanda silitaji. Mweupe wa Carricante, zabibu nyeupe za Etna, tulioonja pale ulikuwa safi, uchachu wa limau na chumvichumvi. Chupa niliyoondoka nayo, kuifungua nyumbani, siki tupu. Nikawaandikia, wakanijibu kwamba mvinyo wa asili uko hai, hubadilika. Sawa, lakini siki ni siki, na nimeilipia euro 28. Anayeamua kupunguza salfa ndiye anayepaswa kuwa mkali kuliko wote kwenye usafi. Mwekundu ningenunua tena kesho. Mweupe nitaunywea pale pale.

Kuonja ni euro 30 kwa mtu, chakula kikiwemo, na lazima uweke nafasi mapema. Kama huna gari, kuna treni ndogo ya Circumetnea, inayouzunguka mlima. Ni ya polepole, na ulizia mapema kama Jumapili ipo. Sisi Dodoma tunavuna mara mbili kwa mwaka, wenzetu ni mara moja, na upande huo wa Etna mara nyingi ni Oktoba. Ukienda mwezi huo utawaona kazini, ila usitegemee mtu wa kukutembeza.