Uzoefu wangu: kadi ya Adaptec AHA-1542CF kwenye FreeBSD 2.2.8

Kadi hii ya SCSI (njia ya kuunganisha diski na vifaa vingine kwenye kompyuta) nimeifunga kwenye kompyuta ya 486 yenye nafasi za ISA pekee, yaani nafasi za kadi za mtindo wa zamani, inayoendesha mfumo endeshi wa FreeBSD 2.2.8, toleo la mwaka 1998, na ninaipendekeza bila kusita kwa yeyote anayetaka kufufua mfumo wa jamii ya Unix wa miaka ya 1990. Siipendi kwa kasi yake. Naipenda kwa sababu mifumo hiyo inaifahamu. Wengi hudhani kwamba diski kuu ikishaonekana kwenye BIOS (programu ya msingi inayowasha kompyuta) kazi imekwisha, kumbe kerneli, yaani kiini cha mfumo, ikianza kufanya kazi huiacha BIOS na kuzungumza na kadi moja kwa moja, na ikiwa draiva ya kadi (programu ya kuiendesha) haimo kwenye flopi ya kusakinishia, kwa mfumo huo diski haipo. Hapa draiva ya aha imo tayari. Niliiacha kadi katika mipangilio yake ya awali, yaani anwani 0x330, IRQ 11 (laini ya kadi kuita kichakataji) na DMA 5 (njia ya kadi kufikia kumbukumbu moja kwa moja), ikatambuliwa kama aha0 na diski ikafuata kwa jina la sd0.

Jambo linalotaka umakini zaidi ni hesabu ya silinda, yaani vipande ambavyo BIOS huigawa diski. Katika mpangilio wa kawaida, BIOS ya kadi huihesabu diski kuwa na vichwa 64 na sekta 32, hivyo kila silinda ni MB 1, na kwa kuwa BIOS ya zamani haivuki silinda 1024, kinachofikiwa wakati wa kuwasha ni GB 1 tu ya mwanzo. Ukibonyeza Ctrl-A kompyuta inapowaka, utaingia kwenye menyu ya kadi, ambako unaweza kuruhusu hesabu pana ya vichwa 255 na sekta 63, inayofika takriban GB 8. Uamuzi huo ufanywe kabla ya kugawa diski, kwani diski iliyogawanywa kwa hesabu moja inaweza kukataa kuwaka chini ya nyingine. Menyu hiyohiyo ndiyo inayowasha au kuzima kimalizio cha ishara (terminator) cha upande wa kadi, kinachozuia ishara kurudi nyuma kwenye kebo ya SCSI, na kwangu hilo pekee linatosha kuichagua badala ya 1542B, ambayo mipangilio yake hufanywa kwa jampa, yaani vijipini vya kuunganishwa kwa mkono.

Kuhusu kumbukumbu, DMA ya ISA ina biti 24 za anwani, kwa hiyo kadi haiwezi kufika juu ya MB 16. Kerneli ya GENERIC, ile inayokuja na mfumo, hulitatua hilo kwa kunakili data kupitia eneo la chini, na anayejiundia kerneli yake kwenye mashine yenye RAM zaidi ya hapo asiuondoe mstari wa BOUNCE_BUFFERS, unaowezesha unakili huo, hata kama anatafuta kila njia ya kuipunguza.

Kasi ni ya ISA, na hakuna mpangilio utakaoibadilisha. Mwenye nafasi za PCI, aina mpya na ya kasi kuliko ISA, atafute AHA-2940, inayoendeshwa na draiva ya ahc, au kadi yenye chipu ya NCR 53C810, inayotumia draiva ya ncr; ila kadi nyingi za 53C810 hazina BIOS ndani yake, hivyo ahakikishe kwanza kwamba BIOS ya ubaomama wake inaihudumia kadi hiyo, la sivyo diski haitaweza kuwasha mfumo.