Siti yenye memori: gari gani uchukue kama mnapokezana usukani

Siti yenye memori ni siti ya umeme inayokumbuka mkao wa kila dereva na kuurudisha yenyewe. Kama gari unaliendesha peke yako okoa hela yako, hii kitu sio ya kwako. Ila kama wewe mrefu, mwenzio mfupi na gari ni moja, kila asubuhi mtu anahangaika na siti na saidi mira, basi inalipa.

Namba moja kwangu ni Mazda CX-5 ya 2017 kuja juu, ila iwe L Package, yaani daraja lenye siti za ngozi. Tangazo likionesha siti za ngozi usikimbilie kulipa, mwambie muuzaji akupigie picha ubavuni mwa siti ya dereva, upande wa mlango, uone SET, 1 na 2 kwa macho yako. Kuseti ni rahisi: unakaa unavyopenda, unabonyeza SET halafu 1, mwenzio anachukua 2, imeisha hiyo.

Namba mbili Subaru Forester Advance, kuanzia 2018. Hii ina kamera inayotambua sura, inakumbuka mpaka watu watano, ukikaa tu siti inakufuata. Tamu kweli, sema za kuagiza Japan menyu zake ni Kijapani, kusajili sura bila mtu wa kukuelekeza utatoka jasho.

Mercedes C-Class naiweka ya tatu, na hapa ndo wengi wanapigwa. Watu wakiona vitufe vya umeme vya siti wanajua tayari full umeme. Wapi! W204 (toleo la C-Class la 2007 hadi 2014) nyingi ni nusu: mgongo na kimo vinapanda kwa umeme, ila kusogea mbele na nyuma unavuta chuma kwa mkono. Hiyo haina memori. Tafuta vitufe vya M na 1, 2, 3 mlangoni, kama havipo ujue haina memori.

Mwisho kabisa ni kununua siti ya gari lililobomolewa ukafungiwe. Mimi siwezi kukushauri, chini ya siti kuna soketi ya njano ya airbag, na fundi wa kubahatisha hatakiwi kuigusa.

Ukifika yadi usiridhike na vitufe kuwaka. Seti 1, sogeza siti mpaka mwisho, bonyeza 1 tena usikilize mota. Ikikwama katikati shusheni bei hapohapo, la sivyo ondoka.