Vipandikizi vya meno: kozi ya mtandaoni au ya vitendo?

Kipandikizi ni skrubu ya titani inayowekwa kwenye mfupa wa taya ili kushikilia jino bandia. Kwa nadharia ya kuviweka, mtandao unashinda. Daktari wa meno husoma usiku bila kufunga kliniki, na hurudia somo la kusoma picha za CT (eksirei za pande tatu) mpaka limkae. Kuchagua mgonjwa anayefaa, kupanga taji (jino bandia la juu) kabla ya kipandikizi, kupima hatari kwa mvutaji sigara au mwenye kisukari kisichodhibitiwa: yote hayo yanafundishika kwenye skrini.

Kutoboa mfupa ni habari nyingine. Daktari wa Uswidi Per-Ingvar Brånemark alimwekea mgonjwa wake wa kwanza vipandikizi vya titani mwaka 1965, na hadi leo mfupa hautaki kuunguzwa: nyuzi 47 za Selsiasi kwa dakika 1 zinatosha kuudhuru. Namba hiyo utaikariri kwa video. Lakini kujua ukandamize keekee kiasi gani, uiinue lini maji yapoze tundu, na jinsi mfupa mgumu wa mbele ya taya la chini unavyotofautiana na ule laini wa nyuma ya taya la juu, ni kazi ya mkono. Hujifunzwa kwenye modeli, kisha kwa mgonjwa, msimamizi akiwa pembeni. (Kozi inayoishia kwenye modeli ya plastiki inaitwa ya vitendo kwa heshima tu.)

Kwenye kujaza meno kwa kompoziti (resini ya rangi ya jino), tofauti kati ya kozi hizo mbili ni ndogo. Mkono tayari umezoea, hivyo video nzuri husaidia sana.

Ningekuwa na ada ya kozi moja, ningelipia yenye msimamizi, hata kama ya mtandaoni ina pointi nyingi zaidi za kuhuisha leseni.