Godox V860III kwenye stendi: zumu iweke kwa mkono

Habari zenu wapiga picha wenzangu, karibuni. Leo nina flashi ya Godox V860III hapa mezani. Betri yake ya lithiamu, miwako kama 480 kwa nguvu zote, hayo mmeshayasikia sana. Mimi nataka tuzungumzie zumu peke yake, yaani kuubana au kuupanua mwanga wa flashi, maana naona watu wananunua flashi nzuri, wanaitoa juu ya kamera, halafu wanalalamika haina nguvu.

Sogeeni msikilize. Lenzi hii ni ya milimita 24-70. Nikivuta hadi 70... mmesikia kale kamlio? Taa imerudi nyuma, ikaachana na kioo cha mbele. Ikikaribia kioo mwanga unatawanyika, ikirudi nyuma unakusanyika. Juu ya kamera inajipanga yenyewe kufuata lenzi.

Sasa naiweka kwenye stendi, pembeni huko. Lenzi nimebaki nayo mimi. Flashi imesimama upande wake, inatazama kitu chake, na milimita za lenzi yangu haziihusu tena. Swali ni moja tu: mwanga ufike wapi, na uwe mpana kiasi gani?

Kwenye boksi nguvu (guide number) imeandikwa mita 60 kwa ISO 100, yaani kamera ikiwa na wepesi huo wa kupokea mwanga. Gawanya kwa uwazi wa lenzi, tuseme f/8, unapata mwanga unaofika mita 7.5. Lakini soma na maandishi yaliyo pembeni: hiyo ni zumu ikiwa 200. Ukiiacha 20, hizo mita huzipati.

Hili lilinikuta kwenye send-off moja. Nilisimamisha flashi nyuma ya meza kuu ichore nywele za bibi harusi, zumu nikaisahau kwenye 24. Mwanga ukaenda kwenye mapazia, ukaenda darini, nywele zikabaki giza. Nikapandisha nguvu hadi mwisho, ikawa inachelewa kujaa, na keki ndiyo inakatwa. Nilipoiweka 105, robo ya nguvu ilitosha, na ule mstari wa mwanga ukakaa juu ya shela vizuri kabisa.

Kwenye mwavuli, ule wa studio wa kulainisha mwanga, ni kinyume chake. Tazameni: nashusha nguvu hadi 1/128, narudi nyuma, napiga picha mwavuli wenyewe. Hii ni 105. Mnaona kidoa cheupe katikati, kingo zote nyeusi? Hapo umebeba mwavuli mkubwa lakini unatumia kipande kama sahani. Hii ni 35, kitambaa chote kinawaka. Ukizidi kuipanua, mwanga unapita nje ya kingo na unapotea bure. Kila mwavuli una tabia yake, kwa hiyo pigeni picha hii nyumbani kabla ya siku ya kazi. Softiboksi, lile boksi la kitambaa la kulainisha mwanga, naanzia 24 au 28.

Kuibadilisha ni kitufe cha zumu chini ya skrini, halafu gurudumu. Hakikisha A (yenyewe) imegeuka M (kwa mkono).

Wengi mmeniuliza kama napendelea hii au Godox V1, flashi yenye kichwa cha mviringo. Mwanga wa V1 unafifia taratibu kingoni, na kwa picha za sura za mtu aliye karibu na ukuta nauona mzuri zaidi. Ila zumu yake inaishia 105. Mimi kazi zangu nyingi ni za ukumbini, stendi inakaa mbali nyuma ya wageni, kwa hiyo nimebaki na hii.