Valvu au transista? Fender Blues Junior IV ikipimwa na Roland JC-40

Mnunuzi wa amplifaya ya gitaa huanza kwa kuuliza, "Ni ya wati ngapi?" Kuna swali linalopaswa kulitangulia hilo: unataka sauti ipasuke au ibaki safi? Jibu lake ndilo linaloonyesha kama pesa yako iende kwenye valvu, yaani taa za kioo zinazokuza sauti, au kwenye transista, vipande vidogo visivyo na kioo vinavyofanya kazi hiyohiyo. Baada ya hapo uuangalie umeme wa mahali unapopigia, kwa sababu umeme nao una kauli yake.

Kwa upande wa valvu tumechukua Blues Junior IV ya Fender. Ni ya wati 15, ina valvu mbili za EL84 kwenye hatua ya mwisho na tatu ndogo za 12AX7 zinazotangulia, spika moja ya Celestion ya inchi 12, na uzito wa kilo 14 na kidogo. Upande wa transista tumechukua JC-40 ya Roland: wati 40, spika mbili za inchi 10, karibu kilo 16. Hii ni mdogo wake JC-120, amplifaya iliyotoka mwaka 1975 na kuwa kipimo cha sauti safi ya gitaa duniani.

Tuanze na Blues Junior. Weka Volume kwenye 5, Master kwenye 6, besi 4, sauti za kati na za juu 6, kisha chomeka gitaa lenye pikapu (vinasa sauti vilivyo chini ya nyuzi) za koili moja. Ukigusa nyuzi kwa ncha za vidole, sauti inatoka safi, yenye mlio wa kengele kwa mbali. Ukizichapa kwa plektra, sauti hiyohiyo inanenepa na kuota mchanga pembeni. Punguza sauti kwenye gitaa lenyewe hadi 6 na usafi unarudi, amplifaya hujaigusa. Hicho ndicho watu wanachokilipia kwenye valvu: mkono wa mpigaji unakuwa sehemu ya mitambo.

Sababu yake si uchawi. Valvu ikifika mwisho wa uwezo wake hubonyeza vilele vya wimbi la sauti polepole, ilhali sakiti ya kawaida ya transista hubaki nyoofu mpaka ukingoni kisha hukata kilele ghafla. Mkato huo wa ghafla huzaa ukali wa juu unaochoma masikio. Pia kuna transfoma ya kutolea sauti, iliyo kati ya valvu na spika. Kwa sababu yake, na kwa sababu amplifaya ya valvu haiishiki spika kwa nguvu kama ya transista, spika inaachiwa iimbe kidogo kwa tabia yake: besi inavimba karibu na hezi 80 na sauti za juu zinanyanyuka. Ndiyo maana spika ileile ikifungwa kwenye transista husikika kavu zaidi.

Kasoro ya Blues Junior ni nafasi yake ya usafi. Ukiwa peke yako chumbani inatosha na kubaki. Mpiga ngoma akianza, besi na kinanda wakiingia, utaipandisha, na itaanza kupasuka kabla hujasikika vizuri. Kwa bluzi na roki hilo ni zawadi. Kwa solo ya rumba au ya muziki wa dansi, ambako noti zinafuatana kama shanga na gitaa la solo linasukana na la ridhim, noti zinaanza kushikana na sebene linapoteza makali. Haina pia njia ya kuingiza pedali katikati ya sakiti, kwa hiyo pedali ya mwangwi lazima ikae mbele. Amplifaya ikipasuka, mwangwi nao unapasuka.

Hapo ndipo JC-40 inapojibu. Ipandishe utakavyo, haitikisiki: kila noti inatoka na mwanzo wake na mwisho wake. Korasi yake, yaani sauti inayoyumba kama magitaa mawili yanapiga pamoja, ndiyo fahari ya ukoo huu. Spika moja inatoa sauti kavu, ya pili inatoa sauti iliyoyumbishwa, na mchanganyiko unafanyika hewani mbele yako badala ya ndani ya waya. Simama mita 3 mbele yake na gitaa la nyuzi 12 au la koili moja, utaelewa kwa nini pedali za korasi hazijawahi kuifuta. Ina njia ya kuingiza pedali katikati, tena ya stereo. Kitufe chake cha kupasua sauti, kwa maoni yetu, kiache kimezimwa. Sauti yake ni nyembamba na ya nyuki. Tumia pedali, kwani amplifaya hii inapokea pedali bila kuzibadilisha.

Kwa hiyo tusiseme transista ni valvu ya maskini. Kwa mpiga solo wa bendi ya dansi, benga au kwaya, transista nzuri ndicho chombo sahihi, hata kama bei ya valvu iko mfukoni.

Kuhusu wati, kuna maneno mengi ya mitaani. Ukizidisha wati mara mbili unaongeza desibeli (kipimo cha ukubwa wa sauti) 3 tu, badiliko ambalo sikio linaliona dogo. Ili isikike kama sauti imekuwa mara mbili unahitaji wati mara 10 hivi. Wati 15 za valvu zinasikika kubwa kuliko wati 15 za transista kwa sababu valvu unaweza kuisukuma hadi inapasuka na bado masikio yakafurahi. Transista lazima uiache chini ya ukingo. Spika nayo ina neno lake: Celestion Greenback ina desibeli 98 na Vintage 30 ina desibeli 100 kwa wati moja, mita moja. Tofauti hiyo ya desibeli 2 ni sawa na kuongeza wati zaidi ya nusu, bila kununua amplifaya nyingine.

Sasa umeme, na hapa tutakaa kidogo.

Uzi unaopasha valvu moto unataka volti 6.3, na watengenezaji huruhusu kupanda au kushuka kwa asilimia 10, yaani kati ya 5.7 na 6.9. Amplifaya iliyotengenezwa kwa volti 230 ikipata umeme mdogo wa volti 200, uzi unapata volti 5.5 tu. Sauti inakuwa legevu, haina nguvu, na ukiiacha hivyo kwa miezi, kathodi, sehemu ya valvu inayopashwa moto na uzi huo, inachakaa kabla ya wakati. Ukija umeme mkubwa wa volti 260, uzi unapata 7.1 na valvu inazeeka upesi, huku kapasita (vifaa vinavyotunza umeme ndani) za volti ya juu zikisukumwa kupita kiwango. Chukua mita, pima soketi ya ukumbini saa mbili usiku wakati kila nyumba imewasha taa, si saa nne asubuhi. Ikiwa inacheza nje ya 210 hadi 250, nunua stebilaiza kabla ya kununua valvu.

Inveta za bei nafuu zinazotoa wimbi la ngazi badala ya wimbi laini hufanya transfoma ivume na kupata joto, na mvumo huo unaingia kwenye sauti. Tafuta inveta ya wimbi laini. Jenereta ndogo ipe mzigo wake wote kwanza, itulie, ndipo uwashe amplifaya.

Wengi hununua amplifaya iliyotumika kutoka Marekani. Soma kibao cha nyuma: ikiwa imeandikwa 120V 60Hz, ukiichomeka kwenye soketi ya 230 utaiua papo hapo. Inahitaji transfoma ya kushusha umeme, na transfoma hiyo iwe na uwezo wa angalau mara moja na nusu ya wati zilizoandikwa kwenye kibao, si wati za sauti. Amplifaya ya sauti ya wati 15 hula umeme mwingi zaidi ya wati 15. Hata hivyo transfoma iliyosanifiwa kwa hezi 60 tu hupata joto zaidi kwenye hezi 50, kwa hiyo iache ipumue, usiisukume ukutani.

Kuna kosa moja linaloua valvu na jingine linaloua transista, nayo ni kinyume cha mwenzake. Amplifaya ya valvu usiiwashe na kuipiga bila spika. Nguvu ikikosa pa kwenda hurudi kwenye transfoma ya kutolea sauti kama volti kubwa, cheche zinaruka kwenye soketi za valvu, na transfoma inaungua. Ya transista haijali kukosa spika, lakini ukiifungia spika yenye omu chache kuliko zilizoandikwa, au waya zikigusana, transista za mwisho zinakwenda. Na waya wa spika uwe waya wa spika. Waya wa gitaa ni mwembamba ndani, unapata moto na kukatika katikati ya onyesho.

Valvu ni kitu cha kubadilishwa, kama tairi. Kwa anayepiga kila usiku, EL84 hesabu mwaka hivi. 12AX7 hukaa miaka mingi. Viwanda vilivyobaki ni vichache, vikubwa vikiwa Slovakia, Urusi na China, na mwaka 2022 Urusi iliposimamisha kuuza nje, bei zilipanda dunia nzima. Ukinunua amplifaya ya valvu, nunua siku hiyohiyo EL84 mbili zilizopimwa kuwa sawa na 12AX7 moja ya akiba, uzifunge kwenye sponji.

Kuzibadilisha: zima, chomoa waya ukutani, subiri dakika 20 zipoe. Shika kwa kitambaa, zungusha kidogo huku unavuta moja kwa moja chini, kwa sababu kwenye Blues Junior zimening'inia kichwa chini. Pini ni 9 na kuna pengo moja. Linganisha pengo kabla ya kusukuma, pini iliyopinda usiilazimishe. Ukishawasha, zima taa za chumbani na uangalie. Uzi wa rangi ya chungwa ni sawa. Mwanga wa bluu kwenye kioo ni sawa. Bamba la kijivu lililo ndani likianza kuwa jekundu, zima mara moja, valvu inapitisha mkondo kupita kiasi. Doa la fedha juu ya kioo likigeuka jeupe kama maziwa, hewa imeingia na valvu imekufa.

Blues Junior haina skrubu ya kurekebishia mkondo wa EL84, kwa hiyo hilo la bamba jekundu usiliruke. Kwenye amplifaya kubwa zenye skrubu, hesabu ni hii: valvu kubwa ya EL34 inaruhusiwa wati 25 kwenye bamba, asilimia 70 yake ni 17.5, gawa kwa volti za bamba, tuseme 450, unapata miliampia 39. Kazi hiyo mpe fundi. Kapasita za ndani hubeba volti 300 hadi zaidi ya 400 hata baada ya kuchomoa waya, na umeme huo unaua.

Dalili nyingine unaweza kuzisoma mwenyewe. Gonga kila 12AX7 taratibu kwa penseli ya mti: ikilia kama kengele kwenye spika, hiyo ndiyo mbovu. Mvumo wa hezi 100, ulio juu ya mvumo wa kawaida wa soketi, unaonyesha kapasita za kuchuja zimechoka. Mvumo wa hezi 50 mara nyingi ni ardhi ya waya au waya wa gitaa. Fyuzi ikiungua, weka yenye namba ileile na herufi T ileile. Ukiweka kubwa zaidi au karatasi ya sigara, kitakachoungua safari ijayo ni transfoma.

Transista ikiharibika haitoi onyo kama hilo. Ukiwasha na kuona koni ya spika inaruka mbele na kubaki hapo, zima papo hapo: umeme mnyoofu unaingia kwenye koili na utaiunguza ndani ya sekunde chache. Habari njema ni kwamba hilo hutokea mara chache, na kati ya matengenezo unaweza kupita miaka 10. Habari mbaya ni kwamba bodi za kisasa zina vipande vidogo mno, na fundi wa redio wa mtaani atazichomea kwa shida.

Pwani, Unguja, Mombasa au Tanga, chumvi ya hewani hula jeki na soketi za aina zote mbili. Dawa ya kusafishia viunganishi vya umeme, matone mawili kila jeki kila miezi 6, chomeka na chomoa mara 10. Soketi za valvu zinahitaji hivyo zaidi, kwa kuwa kutu kidogo tu huleta mkwaruzo.

Dukani nenda na gitaa lako na waya wako. Omba dakika 20, maana valvu na spika hubadilika zikipata joto. Piga noti moja, iache ife yenyewe, usikilize mkia wake: ukikatika kwa mkwaruzo, kuna tatizo. Kisha panda hadi kiasi cha bendi yako, hata muuzaji akikunja uso, na upige kipande unachokipiga kila Jumamosi. Mwisho zima kila kitufe cha mwangwi na korasi, urudie kipande hichohicho.