Washauri wa DO-254 na DO-178C: templeti zao wabaki nazo, mkaguzi wao nipeni tena

Kama timu yenu inatengeneza boksi la elektroniki la kufungwa kwenye ndege, mtakutana tu na hawa jamaa wanaouza kifurushi kizima cha kuwavusha kwenye sertifiketi: templeti za mipango, orodha za kukagulia, semina, halafu mwisho mtu wao anakuja kuwafanyia ukaguzi wa majaribio kabla ule wa kweli haujafika. Sisi tulichukua vyote. Kampuni siitaji. Nyota nawapa tatu kati ya tano, na hizo tatu zimeletwa na mtu mmoja.

Kwa ambaye hajaguswa na haya mambo, DO-178C ya 2011 ndo mwongozo unaobana softwea ya ndege, DO-254 ya 2000 inabana hadwea, Wazungu wa Ulaya wanaziita ED-12C na ED-80. Kila kazi ya kifaa inapewa daraja kutoka A mpaka E kulingana na madhara yake ikiharibika. A maana yake ndege inaweza kuanguka, E hakuna anayeshtuka. Softwea ya daraja A ina malengo 71 ya kutimiza, D ina 26, kwa hiyo mkikosea kupanga daraja mwanzoni mnaweza mkajikuta mnalipia mzigo wa wengine, au mbaya zaidi mnakwepa mzigo wenu.

Sasa templeti. Kwa macho ni nzuri sana, kurasa nyingi, majedwali yamenyooka, unajaza jina la mradi unasonga. Shida ni kwamba mpango kwenye kazi hii ni ahadi, mkaguzi akija anachukua ulichoandika wewe mwenyewe anakuuliza umefanya wapi. Templeti yao iliahidi kila mapitio ya kila karatasi yafanywe na mtu asiyehusika na kazi ile, na kumbukumbu zisainiwe, hata kwenye sehemu ambazo daraja letu halikudai hivyo kabisa! Yaani unanunua kitanzi kwa hela yako. Ikabidi tuzisome mstari kwa mstari na kufuta, na muda uliotumika hapo ungetosha kuandika mpango wetu wenyewe tangu mwanzo.

Semina nayo ni ile ile ya slaidi. Saa nzima walitumia kutuonyesha jinsi ya kufanya jedwali la ufuatiliaji liwe la kijani lote, hitaji limeunganishwa na programu, programu na testi, safi. Hakuna aliyesema wazi kwamba timu nyingi zinaandika programu kwanza, halafu mtu anakaa anaisoma na kuandika mahitaji yanayofanana nayo. Hapo jedwali litakuwa kijani daima na testi zote zitapita, kwa sababu umeiuliza programu swali kisha ukatumia jibu lake lile lile kuisahihisha. Kosa la kufikiri linabaki ndani limetulia.

Na ile habari ya MC/DC, kipimo cha testi cha daraja A ambapo inabidi uonyeshe kila sharti ndani ya uamuzi linaweza peke yake kubadilisha matokeo, waliipitia juu juu kama vile ni suala la kununua zana ya kupimia testi. Zana ikikuonyesha mstari ambao testi hazijaugusa, ukakimbilia kuandika testi ya kuugusa ili asilimia ipande, umeharibu. Swali la kwanza ni kwa nini mstari upo. Labda kuna hitaji halikuandikwa, labda testi za mahitaji ni dhaifu, labda ni msimbo mfu unaotakiwa kung'olewa. Hilo lilistahili nusu ya semina.

Upande wa hadwea ndo walinikera zaidi, maana wengi wao ni watu wa softwea. Niliuliza kuhusu nyutroni za angani kugeuza biti (sifuri ikawa moja) ndani ya FPGA, ile chipu unayoipangia kazi mwenyewe, jambo ambalo kule juu linatokea mara nyingi zaidi kuliko huku chini, nikajibiwa eti vipimo vya DO-160 vinatosha. DO-160 ni joto, mtetemo, unyevu, radi, mawimbi ya redio na kadhalika, nyutroni haimo! Nikanyamaza.

Alafu akaja mkaguzi wao wa majaribio, mama mmoja mhandisi wa siku nyingi. Jedwali la kijani hakulifungua. Aliomba orodha ya mahitaji, akachagua moja bila kupepesa: chaneli ijitenge haraka pindi kihisi kinapoleta data mbovu. Haraka ni milisekunde ngapi? Mbovu inapimwaje? Kimya. Akasema basi nionyesheni kwenye VHDL, lugha tunayoandikia hadwea, inapotokea, tukafungua, akakuta filta inasubiri sampuli mbovu tatu mfululizo ndipo chaneli ikatwe. Hii imetoka hitaji gani? Kijana aliyeiandika akajibu ukweli, aliiweka maabara kwa sababu ya noizi. Wala haikuwa filta mbaya, ila ni uamuzi mpya wenye athari za usalama, na watu wa tathmini ya usalama hawakuwahi kuuona, hesabu zao zilichukulia chaneli inakatwa papo hapo.

Hapo ndo akatupa kisa cha Boeing 777 ya Malaysia Airlines, Agosti 2005, ilipotoka Perth. Ndani ya kile kifaa kinachopima mwendo na mkao wa ndege, kipima-mchapuko kimoja kilikuwa kimekufa tangu 2001 na kifaa kikawa kinaendelea vizuri tu bila kutumia data zake. Cha pili kilipoharibika, kosa lililokuwa limejificha kwenye softwea likaruhusu data za kile kilichokufa zirudi kutumika, ndege ikainua pua yenyewe, marubani wakapambana nayo na wakairudisha Perth salama. Vipuri vya akiba vilikuwepo. Lililokosa kushikwa ni hali ya kuharibika kimoja, halafu kingine baada ya miaka.

Akagusia na MCAS ya Boeing 737 MAX, ule mfumo unaoshusha pua ya ndege wenyewe, uwezo wake wa kusogeza mkia ulipandishwa kutoka nyuzi 0.6 hadi 2.5 wakati wa kuitengeneza, tathmini ya usalama haikuyafuata mabadiliko hayo ipasavyo, na mfumo ukawa unasikiliza kihisi kimoja cha pembe ya bawa dhidi ya upepo. Watu 346 kwenye ajali mbili. Baada ya hapo hakuna aliyebisha tena kuhusu ile filta, ikaandikwa kama hitaji, ikapelekwa usalama, nao wakapunguza sampuli hadi mbili.

Lawama yangu kubwa ni ratiba. Kifurushi kinamleta huyu mama mwishoni, bodi zimeshachapwa na kila badiliko ni maumivu. Mamlaka zenyewe huwa zinapitia kwa awamu nne, ya kwanza ikiwa mipango, sasa kwa nini ukaguzi wa majaribio usubiri awamu ya mwisho?

Kwa hiyo mkienda kwao msikubali kifurushi. Ombeni saa za mkaguzi peke yake, za kwanza kabla mipango haijasainiwa, nyingine mahitaji yakiwa bado rasimu, na jina lake liwe kwenye mkataba, kwa sababu bila hivyo wanakuletea yeyote aliye na nafasi wiki hiyo.