Sanamu za viungo nilizozikubali mwaka huu, kwa kipimo cha joto la Tanga

Ninapochagua akshoni figa, yaani sanamu ndogo za plastiki zinazokunjwa na kupangwa pozi, kigezo changu ni kimoja tu: kiungo. Sura, rangi na boksi naviangalia baadaye. Swali la kwanza ni kama sanamu iliyosimamishwa kwa mguu mmoja mwezi wa Januari itakuwa bado imesimama masika yakiingia. Hapa Tanga, mchana wa kaskazi joto hupita nyuzi 30 na hewa ya bahari haikauki, na plastiki iliyosimama wima dukani ugenini inaweza kuanza kuinama ndani ya wiki chache. Ninazozisifu hapa ni akshoni figa zilizofaulu mtihani huo kwenye kabati langu. Nyingi ni za kipimo cha 1:12, yaani mtu mzima anakuja na urefu wa sentimita 15 hivi.

Namba moja ni Ryu wa Jada Toys. Kampuni hii ya California ilianza kutoa wapiganaji wa mchezo wa video wa Street Fighter kwa kipimo hiki mwaka 2023, na kwa pesa unayotoa sijaona mpinzani. Viwiko na magoti yana bawaba mbili mbili, kwa hiyo ngumi inafika karibu na bega na kisigino kinafika karibu na paja. Upindo wa nguo yake ya karate ni plastiki laini inayopisha paja unapoinua teke. Ndani ya boksi kuna kichwa cha ziada, viganja vya kubadilisha na lile bonge la moto wa Hadouken, pigo lake la kurusha kwa viganja viwili.

Kilichoniteka moyo ni kifundo cha mguu. Kinakwenda mbele na nyuma, halafu kinalala pembeni, hivyo miguu ikipanuliwa unyayo wote bado unagusa kioo. Ukitaka pozi la Hadouken, anzia chini. Panua miguu kwanza, kunja goti la mbele, kisha bonyeza nyayo mpaka zilale bapa kabisa. Baada ya hapo zungusha kiuno, inamisha kifua kidogo, unganisha viganja, na kichwa kiwe cha mwisho. Wanaoanza na mikono ndio wanaolalamika kwamba sanamu inaanguka kifudifudi: uzito umeshakwenda mbele kabla nyayo hazijashika.

Baada ya Ryu namweka Spider-Man wa Revoltech, mkono wa mchongaji Katsuhisa Yamaguchi, kutoka Kaiyodo ya Japani. Revoltech ilianza mwaka 2006 na siri yake ni kiungo chenye meno ndani. Ukikizungusha kinalia tak, tak, tak, na kila mlio ni jino limeshika. Viungo vya kawaida hushikwa na msuguano wa plastiki kwa plastiki, na joto likipanda msuguano huo hupungua. Jino halijali sana joto, kwa hiyo Spider-Man huyu anaweza kuchuchumaa kidole kimoja kikigusa chini, kiangazi kizima. Gharama yake ni mbili. Huwezi kusimamisha mkono katikati ya meno mawili, na kwenye baadhi ya pozi mapengo ya begani na nyongani yanaonekana wazi. Mimi namtazama kwa umbali wa mkono, mapengo hayanisumbui. Anayependa mwili usio na mwanya atasumbuka. Na usilazimishe kiungo kinachokataa, kwa sababu jino likishaliwa halirudi.

Son Goku, yule wa katuni ya Dragon Ball, wa S.H.Figuarts kutoka Bandai, anafuata kwa karibu sana. Mfululizo wa S.H.Figuarts ulianza mwaka 2008 na ufundi wake umekomaa: bega linavutika mbele hadi mikono miwili inakutana ubavuni bila shida, na sura zinabadilishwa kwa kuchomoa nywele za mbele. Hapa lakini pana jambo la kuzingatia kwa sanamu zote za Kijapani za aina hii. Kiganja kinashikwa na kijiti chembamba chenye gololi mwishoni, chembamba kuliko njiti ya kiberiti. Kikivunjikia ndani ya mkono, kazi ya kukitoa ni ya sindano na subira.

Namna salama ya kubadilisha kiganja ni hii. Mimina maji ya moto kutoka kwenye chupa ya chai ndani ya kikombe, yaache dakika tano yapungue ukali, kisha tumbukiza kiganja peke yake kwa nusu dakika. Unalainisha tundu, kijiti kibaki kigumu. Shika kijiti karibu na shina lake, vuta kiganja moja kwa moja bila kupinda wala kuzungusha. Kiganja kipya nacho kipashe moto kabla ya kukisukuma. Sanamu zenye nguo za kitambaa usizizamishe.

Maji hayohayo ndiyo dawa ya miguu iliyopinda. Sanamu zenye miguu ya plastiki laini ya PVC, za kampuni yoyote ile, huja zimekaa vibaya kwenye trei zao, na safari ya Dar hadi Tanga ndani ya buti la basi huzidisha. Chovya mguu kwenye maji ya moto dakika moja, unyooshe, halafu uuzamishe papo hapo kwenye bakuli la maji ya barafu huku umeushikilia. Ukiuachia kabla haujapoa utarudi ulikotoka.

Marvel Legends za Hasbro, sanamu za mashujaa wa Marvel, nazipa nafasi ya nne. Tangu mwaka 2021 viwiko na magoti ya nyingi kati yake hayaonyeshi tena pini za duara pembeni, na mwili unaonekana mzima. Kwa baadhi ya matoleo, anayenunua maboksi yote ya kundi moja anapata pia vipande vya kujenga sanamu kubwa zaidi, ila ukikosa boksi moja jitu lako linabaki bila mguu. Snake Eyes, komando wa mfululizo wa G.I. Joe Classified, ni mzuri pia, silaha zake zinaingia kwenye mifuko yake kwa kubana barabara. Za McFarlane za mashujaa wa DC, kama Batman, zina stendi ndani ya boksi, jambo la kushukuru, lakini ni za inchi 7, sawa na sentimita 18 hivi. Ukizipanga na hizo nyingine zinageuka majitu. Kwangu zina rafu yao.

Kuna aina moja ambayo mtu wa pwani simshauri kabisa, hata ikiwa na jina kubwa: sanamu zilizovishwa koti au buti za ngozi bandia. Ngozi ile ni poliyurethani juu ya kitambaa, na unyevu huivunja. Itaanza kunata, kisha itapasuka, kisha itabanduka magamba, hata kama hujaigusa. Hakuna mafuta yanayoizuia. Vilevile joho lenye waya ndani: chumvichumvi ya hewa inaufikia waya, na doa la kutu linatokeza kwenye kitambaa. Anayeishi Raskazone, upepo ukimpiga usoni, aangalie pia skrubu za mgongoni.

Kiungo kikigoma, usipake mafuta ya cherehani wala mafuta ya mgando. Mafuta hayo yatokanayo na petroli huingia kwenye ABS, plastiki ngumu ya viungo, na kuipasua nyufa ndogo mahali inapobanwa, na kiungo ndipo mahali penyewe. Tumia tone moja la mafuta ya silikoni baada ya kukipasha moto. Kikilegea, chomoa gololi, ipake gundi nyeupe ya mbao iliyozimuliwa kidogo kwa maji, tabaka jembamba, iache ikauke usiku kucha ndipo uirudishe. Watu wengi hutumia rangi ya kucha isiyo na rangi. Inafanya kazi, lakini vimumunyisho vyake vinaweza kuilainisha ABS, na ukirudisha gololi kabla haijakauka sawasawa umeigandisha moja kwa moja. Gundi ya mbao haili plastiki. Ubaya wake ni kwamba unyevu wa masika huilainisha, kwa hiyo huenda ukairudia mwaka unaofuata.

Sanamu inayonata mkononi haina uchafu. Ni kilainishi cha PVC kinachotoka juu, na hutoka zaidi ikifungiwa ndani ya boksi lake kwenye joto. Ioshe kwa maji ya uvuguvugu na sabuni ya vyombo, sugua kwa mswaki laini, ikaushe kivulini, na uiache nje ya boksi. Jua lisiipige: nyeupe ya Ryu itageuka njano na haitakuwa nyeupe tena.

Kabati la kioo fundi alumini yeyote wa mjini atakutengenezea. Mwambie rafu ziwe na nafasi ya sentimita 25, si 20, kwa sababu mkono ulioinuliwa au teke la juu linahitaji hewa. Mwambie pia aache mwanya wa kidole juu nyuma, maana kabati lililobanwa kwa raba pande zote linafungia joto na ule mvuke wa kilainishi. Ndani weka vile vipakiti vya kukausha unyevu vinavyokuja kwenye maboksi ya viatu, vitano kwa kila rafu, na uvibadilishe kusi likianza kuleta mvua.